Laki Nane, Kisha Laki Tisa

Mpwa wangu Salim,

Salamu zako zimefika Mombasa, na picha ya chumba chako pia. Mama yako ameitazama mara tatu akitafuta chandarua. Nilikuwa naisoma barua yako kwa furaha mpaka nikafika pale unaposema watu wa Kaohsiung, hapo Taiwan, hawajui wanachotaka, maana walimchagua Han Kuo-yu kuwa meya kisha wakamfukuza. Hapo niliiweka chini. Nimelifikiria neno hilo siku mbili, na silikubali.

Miaka ya tisini, nikiwa baharia, nilitia nanga hapo ulipo. Kaohsiung ilikuwa bandari ya tatu duniani kwa makontena, nyuma ya Hong Kong na Singapore tu. Kreni hazikulala. Leo bandari za China zimeipita, na kijana wa Kaohsiung akipata shahada hupanda treni kwenda kutafuta kazi Taipei. Hilo ndilo donda alilolikuta Han.

Yeye mwenyewe si mtu wa mji huo. Ni mtoto wa mwanajeshi aliyevuka bahari kutoka China bara. Aliingia Bunge mwaka 1993, na mwaka huohuo akampiga ngumi mbunge mwenzake, Chen Shui-bian, ambaye baadaye alikuwa rais. Alitoka Bungeni 2002 na siasa ikamsahau. Tangu 2013 hadi 2017 aliongoza kampuni ya soko la mazao Taipei. Mwaka 2018 chama chake, Kuomintang, kikampeleka kugombea umeya Kaohsiung, mji ulioshikwa na chama cha DPP kwa miaka 20. Akajiita muuza mboga mwenye upara, akaimba na watu majukwaani, na ahadi yake ikawa fupi: bidhaa zitoke, watu waingie, Kaohsiung itajirike. Mzazi ambaye mwanawe yuko Taipei angeyasikiaje maneno hayo? Mimi ningempa kura, Salim, nakwambia kweli. Alipata 892,545, akamshinda Chen Chi-mai wa DPP aliyepata 742,239.

Aliapishwa Desemba. Julai iliyofuata alikuwa tayari mgombea urais wa chama chake, na Oktoba akachukua likizo ya miezi mitatu azunguke nchi nzima. Hajamaliza hata mwaka! Watu walikuwa wamemwajiri kwa kazi ya bandari yao, naye akaigeuza ngazi. Januari 2020 Rais Tsai Ing-wen wa DPP alimshinda, hata hapo Kaohsiung.

Wakati huo wananchi walikuwa wanakusanya saini. Sheria ya huko inadai saini za asilimia 1 ya wapiga kura, kisha asilimia 10, ndipo kura ya kumwondoa ipigwe. Na wanaotaka aondoke lazima wawazidi wapinzani wao na pia wafike robo ya wapiga kura wote walioandikishwa. Robo hiyo ilikuwa watu 574,996. Han aliwaomba wafuasi wake wasiende vituoni, na ndiyo sababu waliosema abaki walikuwa 25,051 tu. Waliosema aondoke, tarehe 6 Juni, walikuwa 939,090.

Sasa chukua kalamu utoe. Kura hizo zinazizidi za Chen Chi-mai wa 2018 kwa karibu laki mbili. Baadhi ni watu ambao hawakupiga kura mara ya kwanza, sikatai. Lakini siamini kwamba wote ni hao. Wamo waliompa mji kwa mkono wao na wakauchukua kwa mkono huohuo, na kufanya hivyo ni kazi ngumu, maana unakiri mbele ya jirani kwamba ulikosea. Sisi Kenya tunayo haki ya kumwondoa mbunge katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010, na hajaondolewa hata mmoja.

Han hakuishia hapo. Mwaka 2024 chama kilimweka juu ya orodha yake, akarudi Bungeni, na Februari mosi akachaguliwa Spika kwa kura 54 dhidi ya 51. Mbunge wa orodha ya chama hapigiwi kura ya kumwondoa. Hilo linaniuma kidogo. Na mwaka 2025, wabunge wenzake wa Kuomintang walipopigiwa kura hiyohiyo, 24 mwezi Julai na 7 Agosti, wote walibaki. Wapiga kura wa nchi hiyohiyo walikataa kulitumia panga hilo kwa kila shingo.

Umeniandikia kuwa mama mwenye nyumba yako na mumewe hawamtaji Han mezani. Usiwaulize nani yuko upande gani. Muulize mama, siku mtakapokuwa mnamenya vitunguu, watoto wake wanafanya kazi mji gani. Kisha niandikie alivyojibu.

Mjomba wako