Mzazi safarini Addis Ababa: Ale nini, awaletee nini watoto?

Ukikaa kwenye foleni ya ndege ya Addis Ababa pale uwanja wa Dar es Salaam, utawatambua haraka wanaokwenda kikazi: begi dogo la kuburuta, kompyuta mgongoni na simu sikioni. Wengi ni baba na mama walioacha watoto kwa bibi, kwa dada wa kazi au kwa mwenza.

Addis ni makao makuu ya Umoja wa Afrika (AU), ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na ya Africa CDC, kituo kinachoratibu mapambano dhidi ya magonjwa barani. Ndiyo maana wauguzi, wahadhiri na maofisa wa serikali hutumwa huko mara kwa mara. Safari ni takribani saa tatu angani, na mkutano huwa wa siku chache.

Siku hizo chache zina mambo mawili ya kuangaliwa. Posho inahesabika na watoto wanasubiri zawadi. Tena mzazi anatakiwa kurudi akiwa mzima, kwa kuwa ugonjwa wa safarini huingia nyumbani na kuwagusa wote.

Kabla ya kufunga begi

Jambo la kwanza ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo msafiri anaweza kudaiwa kadi anaporejea Tanzania. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016, cheti chake kinatambuliwa maisha yote, kwa hiyo aliyechanja zamani atafute kadi yake kabatini kabla ya kwenda kuchanja tena.

Jambo la pili ni mwinuko. Addis iko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Aliyetoka Dar au Tanga anaweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi au kuhema akipanda ngazi siku ya kwanza. Dawa yake ni kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kuacha pombe usiku wa kwanza. Mwenye seli mundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Mwinuko huo una faida yake: malaria haiambukizwi ndani ya jiji la Addis. Lakini ratiba ikimpeleka mtu mabondeni, chandarua na ushauri wa daktari vinahitajika. Sweta nalo lisisahaulike, hasa kati ya Juni na Septemba, miezi ya mvua kubwa na baridi.

Sahani moja, mikono mingi

Chakula cha Addis huanza na injera, mkate mpana na laini wenye vitundu na ladha ya uchachu. Hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko hata ulezi, unaochachushwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Juu ya injera hupangwa mboga, na walaji huzunguka sahani hiyo moja wakimega kwa mkono wa kulia. Aliyelelewa kwenye sinia la pilau hahitaji kufundishwa.

Anayeogopa tumbo aanze na chakula cha mfungo. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na Kwaresima ndefu, na siku hizo hawali nyama, mayai wala maziwa. Mikahawa mingi huandaa sahani ya mfungo, beyaynetu, yenye dengu, shiro ya unga wa mazao ya jamii ya kunde, kabichi na mboga za majani. Huwa inashibisha na bei yake ni nafuu kuliko ya nyama. Anayetaka kuku aagize doro wat, mchuzi mzito wa vitunguu na pilipili ya berbere, unaokuja na yai la kuchemsha.

Tahadhari iko kwenye kitfo, nyama ya ng'ombe ya kusaga inayochanganywa na siagi yenye viungo na kuliwa mbichi. Ni chakula cha heshima, na wenyeji hukipenda. Hata hivyo, nyama mbichi ya ng'ombe ndiyo njia ya kupata minyoo tegu. Kwa mjamzito kuna hatari nyingine ya toksoplasma, inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima kumvunjia mwenyeji heshima: kitfo huagizwa pia ikiwa imepikwa. Ajihadhari na ile iitwayo leb leb, kwani hiyo hupashwa moto kidogo tu, haiivi.

Kuna desturi nyingine iitwayo gursha, ambapo mwenyeji hukunja tonge na kumlisha mgeni mdomoni kwa mkono wake. Ni ishara ya upendo, na kuikataa kunaumiza. Kwa sababu mikono mingi inakutana kwenye sahani, kinga ni sabuni na maji kabla ya kukaa mezani.

Buna na baraka

Kahawa huitwa buna, neno lisilo geni kwa anayejua buni. Hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, kisha huchemshwa kwenye jebena, birika la udongo, huku ubani ukifuka. Hunywewa kwa raundi tatu: abol, tona na baraka. Ya tatu haihitaji mkalimani.

Vikombe ni vidogo lakini kahawa ni kali. Mjamzito apime, kwani Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Mwenye pumu akae mbali na moshi wa ubani.

Jambo jingine litakalomfurahisha Mswahili ni saa. Wenyeji huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, hivyo dereva akisema saa mbili asubuhi anamaanisha saa mbili yetu. Na kwa kuwa majira ni yaleyale, simu ya kuwatakia watoto usiku mwema haina hesabu ngumu.

Zawadi za kubeba

Kwa nguo, wengi huelekea Shiro Meda, soko la vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa mkono. Netela ni mtandio mwepisi unaomfaa bibi. Gabi ni shuka zito ambalo familia ya Mbeya au Njombe italitumia kila usiku. Merkato ni kubwa na lina kila kitu, ila ni la kwenda na mwenyeji, simu na pochi zikiwa mbele. Bei hupatanwa, kwa utani na bila hasira. Kahawa ya Yirgacheffe au Harar, iliyokwisha kukaangwa na kufungwa, ni nyepesi na haiharibiki njiani.

Kuna vitu vya kuacha sokoni. Cha kwanza ni wanja wa unga kwa ajili ya mtoto mchanga. Baadhi ya wanja wa asili hutokana na madini yenye risasi, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sumu hiyo huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Cha pili ni shanga na vitu vidogo kwa aliye chini ya miaka mitatu, kwani humkaba. Cha tatu ni pembe za ndovu na misalaba au vitabu vya kale visivyo na kibali, vinavyoweza kumfikisha mtu polisi.

Zawadi isiyo na bei

Watoto wa shule wana zawadi nyingine: hadithi na picha. Makumbusho ya Taifa yanaonyesha habari za Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, mabaki ya miaka takribani milioni 3.2 yaliyopatikana Hadar mwaka 1974. Mtoto akielezwa kwamba nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zinahusishwa na viumbe wa jamii hiyohiyo, somo la historia litapata uhai. Kwenye viwanja vya AU iko sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa Februari 2024. Na tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya umoja huo.

Akisharudi, mzazi aendelee kujisikiliza. Homa au kuharisha kusikokoma ni sababu ya kwenda kituo cha afya na kumweleza daktari alikotoka na alichokula. Dalili za minyoo tegu, kama vipande vyeupe bapa kwenye choo, zinaweza kuchelewa miezi miwili au mitatu, wakati safari imeshasahaulika na gabi limeshafuliwa mara kadhaa. Akiviona, apimwe kwanza, asinunue dawa ya kubahatisha dukani.