Nilinunua Pikipiki Kubwa, Nikamficha Mama

 

Leo siandiki habari za mishono wala mapishi. Kila wiki hapa Mwanakwerekwe kuna dada atakayenisimamisha aniulize, "Ile pikipiki kubwa ni yako kweli?" Ni yangu. Lakini ina habari nyingine ambayo nimekuwa nikiikwepa, na leo bora niiseme yote kwa mara moja.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunifikisha mbali, nikasoma kozi ya ushoni, nikaanza na cherehani moja ya miguu barazani kwa mama. Sasa nina miaka 36, nina duka na wasichana watatu, na kazi yetu kubwa ni sare na mapazia ya hoteli za Paje na Jambiani. Miaka sita nilikwenda huko na skuta ya cc 110. Mjini inafaa sana. Lakini kutoka mjini hadi Paje ni karibu kilomita 50, na kila gari la watalii likinipita, mimi na skuta yangu tunasukumwa na upepo mpaka ukingoni mwa barabara.

Mwaka juzi kijana mmoja wa Kiembe Samaki alikuwa anakwenda Oman kikazi, anauza pikipiki yake. Nilikwenda kumsindikiza kaka yangu aitazame. Kaka hakuipenda. Mimi usiku ule sikulala.

Ilikuwa Honda CB400 Super Four ya mwaka 2003, imetoka Japani ikiwa imeshatumika. Bodaboda nyingi mnazopanda zina silinda moja, ya cc 100 hadi 150. Hii ina silinda nne zilizopangwa safu moja, cc 399 kwa jumla, na uzito wake ni karibu kilo 190. Honda waliitengeneza kuanzia 1992 hadi 2022, na Wajapani waliipenda kwa sababu leseni yao ya pikipiki za wastani inaishia cc 400. Aina hii Wazungu huiita pikipiki uchi, maana haina yale maganda ya plastiki ya kufunika injini. Injini, mabomba, fremu, vyote viko nje. Kwa hiyo fundi wa mabuibui kapenda kitu kilicho uchi. Chekeni tu, mimi nilicheka kabla yenu.

Sasa hapa ndipo penye habari. Kijana alitaka milioni saba na nusu. Mimi nilikuwa nimeweka milioni sita za kununulia mashine ya kudarizi, ambayo duka zima tulikuwa tunaisubiri. Katika hizo sita, milioni mbili zilikuwa za mama. Aliuza karafuu zake za Pemba, fungu lake la urithi, akanipa akaniambia, "Chukua mwanangu, mashine ikija utanidarizia mto mmoja, inatosha." Hakuandika karatasi wala hakuweka shahidi.

Nilizichukua zile pesa nikanunulia pikipiki.

Kwenye kununua nilikuwa makini, hilo sijisifu, ni kazi yangu. Mteja anayejua nguo haitazami kwa nje, anaigeuza aone mshono wa ndani. Nilikwenda na makanika asubuhi, nikamwomba mwenyewe asiiwashe kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha ugonjwa wake. Makanika aliishika kwanza kwa mkono kuhakikisha ni baridi, ndipo tukaiwasha. Alifuta shokapu za mbele kwa kitambaa, akazibonyeza, akatazama kama zinaacha alama ya oili. Aliinua tairi la mbele akageuza usukani polepole. Ukikwama katikati, beringi zimekwisha. Tulisoma namba ya fremu tukailinganisha na kadi. Tukatazama ncha za usukani na mikono ya breki na klachi, kwani ndiyo inayogonga chini mwanzo pikipiki ikianguka.

Akanionesha na tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi. Za tairi la nyuma zilikuwa 1413, yaani limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2013. Meno yake yalikuwa mazima kabisa, lakini mpira ulikuwa umekauka, na mpira mkavu kwenye barabara yenye maji hauna msaada. Tukapunguziwa laki tatu.

Makanika akaniambia, "Pikipiki yenye maganda unaweza kuificha ajali yake kwa plastiki mpya. Hii haina pa kuficha." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye akili, na kwenye mkoba wangu zimo karafuu za mama.

Mama nilimwambia mashine imechelewa melini. Pikipiki nililaza dukani, jioni narudi nyumbani na skuta ile ile. Nikaishi hivyo miezi mitatu.

Nitawaambia kweli, ile miezi mitatu niliipenda. Pikipiki hii ina sauti mbili. Chini ya mizunguko 6,000 hivi kwa dakika kila silinda inatumia valvu mbili, na inakwenda kwa upole, unaweza kumpeleka bibi hospitali. Ukipita hapo zinafanya kazi valvu zote nne, na inabadilika kama cherehani ya umeme uliyoikanyaga pedeli mpaka chini. Njia ya Tunguu asubuhi, barabara nyeupe, nilikuwa nikisahau kila kitu. Msituni Jozani napunguza, kwa sababu ya yale matuta waliyowekewa kima punju wasigongwe, halafu Kitogani, halafu unaanza kusikia harufu ya bahari.

Na tabu zake nizitaje, asije mtu akaniambia sikumwonya. Foleni ya Darajani saa saba mchana injini inakupikia mapaja. Kuirudisha nyuma kwenye mchanga ni kazi ya watu wawili. Jora la kitambaa halikai popote, ikabidi mizigo yote iende kwa daladala au gari ya kukodi, kwa hiyo ule usemi wangu kwamba ni pikipiki ya kazi ulikuwa wa kujidanganya. Kabureta ni nne, na fundi wa bodaboda aliyezoea moja anakuna kichwa. Chumvi ya Paje inakula vyuma vilivyo wazi, kwa hiyo kila nikirudi naiosha kwa maji baridi ya bomba. Cheni nilikuwa naitilia mafuta ya cherehani, makanika akanicheka. Ni mepesi mno, yanaruka yote. Husafishwa kwa mafuta ya taa, si petroli, kisha inapakwa oili nzito ya giaboksi, namba 90.

Siku ya ajali sikuwa hata kwenye mwendo. Natoka sokoni Mwanakwerekwe, gia ya kwanza, nimevaa buibui langu la kawaida nimelikunja na kulikalia. Likachomoka upande wa kushoto. Nilisikia kwanza kama mtu kanivuta nguo. Ni cheni. Ilishalishika pindo na kulipeleka kwenye meno ya nyuma. Nilikamata klachi na breki pamoja, pikipiki ikalala, na mguu wangu chini yake. Alhamdulillah nilikuwa na buti na kofia ngumu. Ningekuwa Tunguu na mwendo ule wa asubuhi, mngekuwa mnasoma habari yangu kwa mtu mwengine.

Watu wakaiinua pikipiki lakini mimi sikuweza kuinuka, nimefungwa na nguo yangu mwenyewe. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza nina kisu. Nikamwambia mkobani mna mkasi. Akaukata ule ushungi wa kitambaa uliokwama, kutoka pajani kwenda chini. Halafu kabla sijaona haya, akavua kanga aliyojitanda, akanizungushia kiunoni, akasimama mbele yangu mpaka nikaifunga. Simjui, hanijui. Akaniambia tu, "Nenda kwenu mwanangu, utanirejeshea."

Nilipofika nyumbani mama akaitazama ile kanga. "Ya nani hiyo?"

Nikasema nimemwagikiwa oili dukani, nimeazimwa. Mguu je? Nimejikwaa ngazini. Hata sikufikiri, uwongo ulitoka wenyewe, maana ulishazoea njia.

Siku ya pili asubuhi jirani akaja kumpa mama pole. "Tumesikia mwanao kaanguka na lile lipikipiki lake." Mama akamkaribisha chai, akamshukuru, akamtoa hadi mlangoni. Kisha akaniita.

"Labeka mama."

"Kaa."

Nilimwambia yote, mpaka za karafuu. Nilitegemea atasema mwanamke na pikipiki wapi na wapi. Nilikuwa nimeshajitayarishia na majibu, kwamba wanawake wa hapa Unguja wanaendesha Vespa na skuta zamani, kwamba hata Saudi Arabia tangu Juni 2018 wanawake wanaruhusiwa gari na pikipiki. Hakuna hata jibu moja lililohitajika.

Mama alisema, "Mimi sikukasirikia pikipiki. Baba yako alikuwa na Vespa nami nikapanda. Nimekasirika kupewa pole ya mwanangu na jirani, na mimi nimelala naye nyumba moja sijui kama kaumia. Ungekufa Jozani huko, ningeambiwa nini? Mwenzangu, mficha uchi hazai."

Akanyanyuka akaenda kunichemshia maji ya chumvi ya mguu. Alinikanda bila kusema neno, na ule ukimya ulinikanda zaidi ya mikono yake.

Wenzangu, katika dini yetu tunasisitiza sana stara, nami riziki yangu inatokana na stara. Lakini nilikuwa nachanganya mambo mawili. Yule muuza ndizi alinisitiri. Mimi kwa mama sikuwa najisitiri, nilikuwa najificha, na aliyekuwa anaumia kwa kufichwa ni yeye. Kilicho uchi pale dukani hakikunidhuru. Kilichotaka kuniua ni pindo nililolikalia.

Niliuza skuta wiki ile ile. Ilitoa milioni moja na laki mbili, nikampelekea mama mkononi. Laki nane zilizobaki nilimlipa kwa miezi minne, na kila mwezi alizihesabu mbele yangu, sikulalamika. Mashine ya kudarizi hatujainunua bado. Wasichana wangu wanadarizi kwa mkono, na kila nikiwaona wameinama saa kumi na moja jioni najua ni kwa sababu yangu. Hilo halijesha.

Kanga nilimrejeshea mwenyewe, na ya pili mpya juu yake.

Na nilishona. Ni vazi la watu wanaopanda, la suruali pana inayobanwa kifundoni kwa lastiki, na juu yake koti refu la mfano wa buibui, lina mpasuo nyuma na vishikizo vya kubana vya kulifunga kila upande kwenye paja. Halina kinachoning'inia chini ya goti. Mtandio unaingia ndani ya koti, hauachwi mgongoni. Nilijishonea mimi, sasa nimewashonea na dada saba wenye skuta. Hata kama hununui kwangu, dada, funga nguo yako kabla ya kuwasha. Kuikalia hakutoshi.

Pikipiki sasa inalala nyumbani, uani, chini ya turubai niliyoishona mwenyewe. Mama hajaipanda na hana mpango. Lakini kila asubuhi anatoka na kikombe chake cha chai, ananitazama ninavyobana vishikizo kimoja kimoja, halafu ananiuliza kama nimesoma dua ya kupanda chombo, ile ya Surat Zukhruf. Inatukumbusha kwamba chombo tumedhalilishiwa tu, si kwa nguvu zetu, na kwamba safari ya mwisho ni ya kurejea kwake. Naisoma kwa sauti ili asikie.

Kisha ananiuliza nakwenda wapi, na mimi namwambia.