Mpelelezi wa Bwenini

Wapelelezi wa hadithi si wa namna moja. Bwana Msa, aliyeletwa kwetu na Muhammed Said Abdulla katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, hufumbua mafumbo kwa akili iliyotulia na kiko mkononi. Lakini huko Marekani, katika vitabu vya Dashiell Hammett, alizuka mpelelezi wa namna nyingine. Huyu hupita katika miji iliyooza. Hupigwa, hudanganywa, wala hana wa kumwamini. Hammett alimjua vema, maana yeye mwenyewe alikuwa mpelelezi kabla ya kushika kalamu.

Mwaka 2005 Rian Johnson alimtwaa mtu huyo akamtia shuleni. Sinema yake, *Brick*, ilipigwa San Clemente, California, katika shule ya sekondari aliyosoma yeye mwenyewe. Mpelelezi ni Brendan, mwanafunzi. Msichana aliyempenda anampigia simu kwa hofu. Siku mbili baadaye ni maiti mdomoni mwa mfereji. Brendan anamtafuta mwuaji miongoni mwa wenzake na wauza dawa za kulevya.

Mwanzo nilicheka kusikia vijana wakinena kwa ukavu wa majambazi wa kale. Kisha kicheko kilinikauka. Niliona kwamba katika shule ile watu wazima karibu hawapo. Naibu wa mkuu wa shule anamtaka Brendan habari, lakini si mtu wa kukimbiliwa.

Hapo nilimkumbuka mvulana mmoja niliyemfundisha. Fedha za mwenzake zilipotea bwenini, nami nikamtuhumu yeye, kwa kuwa alikuwa maskini na kitanda chake kilikuwa karibu. Hakubishana nami. Siku tano aliuliza huku, akanyamaza kule, akatazama nani ananunua nini dukani. Siku ya sita alinijia na ukweli. Mwizi alikuwa rafiki yake, waliyekuwa naye kama chanda na pete. Hakushangilia, alilia.

Nilimwuliza, “Mbona hukuniambia mapema uliyemshuku?”

Akajibu, “Mwalimu, ulikuwa umekwisha kuhukumu.”

Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Jina lake lilisafika, lakini urafiki ule haukurudi. Brendan naye anaupata ukweli, na ukweli haumfufui aliyempenda.

Msomaji, ukweli una bei, na mara nyingi hulipwa na asiye na kosa. Basi ukiwa mwanafunzi, utafute bila kuogopa bei hiyo. Lakini siku utakapokuwa mkubwa, mzazi au mwalimu, sikiliza kabla ya kuhukumu. Mtoto anayelazimika kuwa mpelelezi ni mtoto aliyekosa mkubwa wa kumwamini. Mimi nilikuwa mkubwa huyo aliyekosekana, na mlango wangu ulikuwa hatua ishirini tu kutoka bwenini.