Kidirisha cha Boksi la Sabuni

Darasa la kwanza la mwaka 1978, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kwimba, lilikuwa na watoto zaidi ya 80 na madawati sita. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilikuwa imeingia kwa kishindo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa, na kweli waliandikishwa: wa miaka saba aliyeletwa kashikwa mkono na dada yake, na kijana wa miaka 13 aliyekwisha kuzoea kuchunga na sauti yake imeanza kuwa nzito. Wote darasa moja, wengi wao sakafuni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa UPE, yaani kijana aliyemaliza darasa la saba akakabidhiwa chaki. Ualimu wenyewe niliusomea hapo hapo kazini, kwa masomo ya posta na vipindi vya Radio Tanzania, kama betri za redio hazijaisha. Zikiisha tulizipasua, ule weusi wake tukauponda pamoja na majani mabichi, tukapaka ubao.

Kusoma kulifundishwa kwa kuimba. Ba, be, bi, bo, bu. Fimbo inatembea ubaoni, bati linatetemeka. Mratibu wa elimu akipita na baiskeli yake aliisikia sauti hiyo tangu barabarani na akaridhika, nami nikaandika kwenye andalio la somo kwamba wanafunzi wameelewa.

Darasa la jirani alikuwapo mama mmoja aliyeanza kazi enzi za shule za misheni. Hakuwa na imani na kwaya. "Mwalimu," aliniambia, maana ingawa umri wake ulitosha kunizaa hakuniita kwa jina mbele ya watoto, "hapo wanaoimba ni kumi. Wengine wanafumbua midomo tu." Alikata upande mmoja wa boksi la sabuni, akatoboa katikati kidirisha cha kutosha silabi moja, akakilaza juu ya karatasi yenye silabi zote. Mtoto aliitwa mezani peke yake. Kidirisha kinaanzia po, kinarukia ni, kinarudi le.

Mambo yalionekana siku hiyo hiyo. Kulikuwa na mvulana aliyeweza kuteremka ubao mzima bila kukosea. Alipoonyeshwa ku peke yake alinyamaza, kisha akaanza kunong'ona ka, ke, ki, ko, mpaka akaifikia. Mama hakumwandikia kosa. Katika daftari lake, lililofunikwa kwa gazeti, aliandika: "Bado anapanda kwa ngazi." Kila mtoto alikuwa na mstari wake mle: huyu anachanganya b na d, huyu anakisia kwa kuangalia picha, huyu apimwe asubuhi maana mchana ana njaa. Sijaona chombo cha kupima kilichonisaidia kuliko daftari lile, na halikuwamo katika fomu yoyote tuliyotakiwa kuijaza. Ofisi ilitaka maksi na nafasi, wa kwanza mpaka anayeshika mkia. Lakini mtoto aliyepata nne juu ya kumi, Jumatatu umfundishe nini?

Imla ndiyo iliyotugombanisha. Nyumbani watoto walisema Kisukuma, ambacho hakina r, kwa hiyo kalamu iliandikwa karamu na barua ikawa balua. Mimi nilipiga mkasi kila mahali. Mama yeye aliweka nukta ndogo tu, akisema mtoto huyu anajua kila sauti inataka herufi yake, kilichobaki ni lugha, na lugha atajifunza kwa kuongea. Aliyeandika klm ndiye aliyemwita mezani.

Miaka mingi baadaye vijana wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walianza kupita nyumba kwa nyumba wakimsikiliza mtoto mmoja mmoja: silabi, neno, aya, hadithi. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti za herufi zikapewa nafasi yake. Nilifurahi. Saa inayotumika katika vipimo vya kusoma kuhesabu maneno ambayo mtoto anayasoma kwa dakika moja, hata hivyo, sijaipenda bado. Wapo watoto wanaosoma polepole kwa sababu wanafikiri.

Lakini nirudi kwenye darasa lile: Oktoba 1978 vita ya Kagera ikaanza. Madaftari yaliadimika, penseli moja tukaikata vipande vitatu, imla ikahamia chini ya mwembe, kidole na mchanga. Mama alipita nyuma ya mistari akiwahi kusoma kabla kuku hawajakatiza.

Kisha zikaja barua za askari. Mwaka 1979, wakati wa kuchuma pamba, mzee mmoja alifika shuleni na ya mwanawe. Hakunipa mimi. Alimpa binti yake wa darasa la pili, akakaa juu ya tofali. Nilitaka kusogea nimsaidie, mama akanishika mkono. Binti alisoma silabi kwa silabi, akakwama kwenye "ng'ambo", akarudi nyuma, akapita. Mzee akamwambia arudie. Safari ya pili sentensi zilitiririka, hata salamu za majirani zikapata wenyewe.

"Haya," mzee akasema, "mjibu. Mwambie pamba ni nzuri mwaka huu, na yule ndama wake tumemuuza."

Binti akanigeukia kuomba penseli.