Ubaruku: Katika Nchi ya Mchele Tukaikumbuka Punje ya Ngano

Msafiri atokaye Mbeya mjini kuelekea Iringa huteremka taratibu. Uyole na baridi yake hubaki nyuma, Igurusi hupita, na pale Chimala ukuta wa milima husimama mkono wa kulia, ukiwa umebeba ile barabara ya kona 57 ipandayo Matamba katika Wilaya ya Makete. Huko juu ngano hulimwa. Huku chini, katika bonde la Usangu, joto haliiruhusu isitawi. Hapa mwenye enzi ni mpunga. Tuliiacha barabara kuu pale Igawa, tukaipita Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, na hatimaye tukaingia Ubaruku, mji wa mashine za kukoboa.

Jirani na mji huu lipo shamba kubwa la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na kusimamiwa na NAFCO kabla ya kubinafsishwa. Hata hivyo, kilimo cha mifereji katika Usangu ni kikongwe kuliko shamba hilo, na miongoni mwa waliokieneza ni Mabulushi waliohamia Rujewa enzi za ukoloni. Watu ambao asili yao ni nchi ya mkate wa ngano ndio walioshiriki kuifanya Usangu kuwa nchi ya wali!

Tulisimama kitambo mlangoni mwa mashine mojawapo. Mpunga ukiingia, kwanza hutengwa makapi, lile ganda gumu lisilolika, ambalo mafundi hulichukua kuchomea matofali. Kisha mchele hukwanguliwa ngozi yake nyembamba ya rangi ya kahawia pamoja na kiini chake. Hiyo ndiyo pumba. Hujazwa katika magunia yake, ikanunuliwa na wafugaji. Mchele wenyewe hutoka ukimeta, na kadiri unavyozidi weupe ndivyo mnunuzi anavyozidi kuridhika. Lakini ndani ya ile pumba ndimo zilimokwenda sehemu kubwa ya nyuzi lishe, vitamini za kundi la B, chuma na magnesi. Tuseme kweli: kuku wa Ubaruku hupata fungu ambalo mwenye shamba amejinyima.

Ngano nayo hufanyiwa vivyo hivyo, ila kwa kuwa viwanda vyake viko mbali na macho yetu, hatuoni kinachoondolewa. Katika punje moja, ganda ni takriban asilimia 14 ya uzito, na kiini, yaani sehemu iotayo, hakizidi sana asilimia 3. Kinachobaki ni wanga na sehemu ya protini, na hicho ndicho unga mweupe wa maandazi na chapati zetu. Gramu 100 za unga wa ngano nzima huwa na nyuzi lishe zinazokaribia gramu 11. Za unga mweupe hazizidi gramu 3 au 4. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano wa viwandani urudishiwe virutubishi kadhaa, chuma na zinki vikiwamo. Ni jambo jema, lakini nyuzi lishe hazirudishwi.

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imepokewa kwamba Sahl bin Saad (r.a.) aliulizwa kama Mtume (s.a.w.) alikula mkate wa unga mweupe uliochekechwa. Alijibu kuwa Mtume hakuuona unga huo tangu alipopewa utume hadi alipofariki, wala chekecheo hakuliona. Wao walisaga shayiri, wakaipuliza, kikaruka cha kuruka, na kilichobaki wakakikanda. Hatusemi kwamba unga mweupe ni haramu, Mungu atuepushe na kuharamisha alichohalalisha. Tunasema tu kwamba nyumba bora kuliko zote ilikula nafaka pamoja na ganda lake, na leo katika familia zetu wapo wenye mzazi au shangazi mwenye ugonjwa wa kisukari.

Punje nzima si ngeni kwetu. Watu wa Pwani na Visiwani wanaijua bokoboko, ngano iliyopikwa na nyama hadi ikapondeka, na shurba ya futari. Ila ngano ya bokoboko mara nyingi hutwangwa kwanza ganda likatoka, na sahani yenyewe tumeifanya ya Idi na harusi. Kwa watu wa bara, njia nyepesi zaidi imo katika kande: palipokuwa na mahindi, iwekwe ngano. Mwenyeji wetu pale Ubaruku, mama wa watoto watano, alitupikia kande la namna hiyo kwa maharage na nazi, na watoto waliomba kuongezewa. Mumewe, mkulima wa mpunga, aliulizia wali.

Apendaye kujaribu achague punje, aondoe mawe, aoshe, na aloweke usiku baada ya Isha. Asubuhi amwage maji hayo na kupika kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, kwa muda wa saa moja hivi, mpaka punje zilainike na kuanza kupasuka. Chumvi itiwe mwishoni. Watoto wadogo wapondewe, wasije wakapaliwa. Mwenye kisukari asidhani kuwa hii ni dawa. Ni wanga usagikao polepole tumboni, na kipimo chake akiulize kwa daktari wake. Wapo pia wachache ambao miili yao haipokei gluteni, nao ngano ya namna yoyote haiwafai.

Jambo moja halina mzaha. Punje za kula zinunuliwe kwa muuza nafaka, kamwe si duka la pembejeo, kwa maana mbegu za kupanda hupakwa dawa. Nchini Iraki, kati ya 1971 na 1972, familia za vijijini zilioka mkate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki, na zaidi ya watu 400 walifia hospitalini. Kuiosha mbegu ya aina hiyo hakuisafishi, hata rangi yake ikitoka.

Ngano safi iliyokauka vema hukaa miezi mingi katika ndoo yenye mfuniko, tofauti na unga wa ngano nzima, ambao mafuta ya kiini huuchachusha mapema. Ikisha kupikwa, ya kutosha daku mbili au tatu huweza kuwekwa kwenye jokofu, na asiye na jokofu apike ya siku moja tu.