Mwavuli wa Bure

Ukienda Mombasa kwa basi, ukishapita Voi na Maungu unafika kituo kidogo kinachoitwa Mackinnon Road. Wengi wetu tunakijua kwa sababu ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri husimama kuomba dua kisha wakaendelea na safari. Jina la mahali penyewe hatuliulizi. Mackinnon alikuwa Mskoti, Sir William, na mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa, ilipewa kibali cha kutawala sehemu hii ya dunia kwa niaba ya Malkia. Yaani kabla hatujawa koloni, tulikuwa biashara ya watu.

Lakini utajiri wa Mackinnon haukuanzia hapa. Ulianzia kwenye meli. Kampuni yake ya awali, British India Steam Navigation, ilibeba barua, wanajeshi, vibarua na mizigo kwenye bandari za Bahari ya Hindi, na mwaka 1872 ikaanza kufika Unguja. Nilikuwa nikisoma habari za meli hizo nilipokutana na jina ambalo sikuwahi kulisikia shuleni: V. O. Chidambaram Pillai, wakili wa Tuticorin, kusini kabisa mwa India, aliyeamua kushindana nazo.

Tukisikia ukombozi wa India tunawaza Gandhi na chumvi, mwaka 1930. Huyu alianza mapema zaidi. Mwaka 1905 Lord Curzon aliligawa jimbo la Bengal vipande viwili, na hasira ikageuka kuwa harakati iliyoitwa Swadeshi, maana yake vitu vya nchi yetu wenyewe. Watu walichoma nguo za Manchester hadharani, wakasusia chumvi na sukari za kigeni. Hoja yao haikutoka hewani. Kwa miaka mingi mzee Dadabhai Naoroji alikuwa amepiga hesabu akionyesha jinsi mali ya India ilivyokuwa inavuja kila mwaka kwenda Uingereza.

Pillai alikwenda hatua moja mbele. Kuacha kununua shati ni sawa, lakini shati hilo limeletwa na meli ya nani? Oktoba 1906 akasajili Swadeshi Steam Navigation Company, ya kusafirisha watu na mizigo kati ya Tuticorin na Colombo. Mtaji uliolengwa ulikuwa rupia milioni moja, kwa hisa za rupia 25 kila moja. Mwanzoni walikodi meli kutoka Bombay. Wazito wakambana mwenye meli, akaichukua. Pillai akazunguka nchi akiuza hisa, na mwaka 1907 kampuni ikapata meli zake yenyewe, Gallia na Lawoe.

Kilichofuata, abiria yeyote wa Nairobi anakijua. British India ikashusha nauli hadi rupia moja. Swadeshi ikashuka hadi nusu rupia. British India ikasema basi, pandeni bure. Na inasimuliwa mpaka leo kwamba juu ya safari ya bure, kila abiria alipewa mwavuli.

Mwavuli huo ulinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu nimeshauona. Nilipokuwa kidato cha pili, chama cha mama na majirani zake kilinunua matatu moja, kuukuu lakini nzima, ya kwenda tauni kutoka mtaa wetu. Nauli ilikuwa hamsini. Halafu ikaja kampuni kubwa yenye mabasi mapya, nauli mbao, na muziki juu. Majirani walewale waliokula pilau siku ya kuizindua matatu yetu wakawa wanaipita stendi, macho chini. Ndani ya miezi minane ikauzwa. Mwezi uliofuata nauli ya mabasi mapya ikawa sabini.

Mimi nilikuwa na hasira na majirani. Mama hakuwa nayo. "Mtu ana watoto watatu na mbao mfukoni," akaniambia, "wewe utamwambia apende chama?"

Sikuwa na jibu wakati huo. Nadhani Pillai alianza kulipata lake. Mzalendo mwenye pesa anaweza kulipa zaidi ili apande meli ya kwao, na baadaye ajisifu. Lakini wengi waliovuka kwenda Ceylon walikuwa vibarua. Kwao nusu rupia ilikuwa chakula. Ukimwomba maskini asusie kitu cha bei rahisi, unamwomba alipe zaidi kuliko unavyolipa wewe. Hapo ndipo siasa nyingi nzuri hukwama.

Februari 1908 Pillai alikwenda kwa watu hao hao. Hapo Tuticorin kulikuwa na kiwanda cha nyuzi, Coral Mills, mali ya kina Harvey, na hao Harvey ndio waliokuwa mawakala wa British India bandarini. Wenye kiwanda na wenye tiketi walikuwa nyumba moja. Mishahara ilikuwa midogo, saa za kazi ndefu, mapumziko ya kila wiki hakuna. Pillai na mwenzake Subramania Siva wakasimama na wafanyakazi, kukawa na mgomo wa siku tisa hivi, na wafanyakazi wakashinda: nyongeza ya mshahara na Jumapili ya kupumzika.

Naona uzito wa jambo hili hapa. Kwa miaka miwili alikuwa amewaomba watu waipe nchi kitu. Safari hii nchi, kupitia kwake, iliwapa wao kitu kwanza.

Serikali nayo iliona. Machi 12 akakamatwa. Kesho yake mji wa jirani, Tirunelveli, ukalipuka, ofisi za serikali zikachomwa, polisi wakapiga risasi na watu wanne wakafa. Wafanyakazi wa Coral wakaacha mashine tena, na safari hii hawakuwa wanadai mshahara. Walimdai yeye.

Julai mahakama ikampa vifungo viwili vya maisha kwa uchochezi, jumla miaka 40. Rufaa ilipunguza, lakini gerezani wakili huyu alifungwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta, akakizungusha juani, kazi ya ng'ombe. Kampuni ikavunjwa mwaka 1911, yeye akiwa ndani. Alipotoka Desemba 1912 hakuwa na meli, hakuwa na leseni ya uwakili, na mkutano wa kumpokea haukuwepo. Alijaribu kuuza bidhaa ndogondogo dukani. Alikufa mwaka 1936, miaka 11 kabla ya uhuru. Leo bandari ya Tuticorin ina jina lake.

Ni rahisi kumaliza na bandari, lakini kuna habari nyingine ndogo ninayoipenda zaidi. Watamil waliokuwa Afrika Kusini walichanga pesa za kumsaidia, wakazipitisha kwa Gandhi, aliyekuwa akiishi huko. Gandhi aliporudi India mwaka 1915, barua zikaenda na kurudi kati yao kuhusu pesa hizo. Pillai hakujifanya. Aliandika wazi kwamba ana shida na anazihitaji. Mwaka 1916 zikamfikia, rupia mia tatu na kitu.

Nawafikiria wale waliochanga. Watamil wengi wa kule walikuwa wametoka kwenye mikataba ya vibarua, mashambani na migodini, na wengi wao hawakuwahi hata kuiona Gallia. Hakuna aliyewapa mwavuli. Walitoa tu.