Motokaa ya Mayatima

Kaka yangu alipofariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto watatu, mama yetu mzee, na motokaa moja ya rangi ya buluu iliyokoza. Madeni yake yalipokwisha kulipwa, wazee wa ukoo walinikabidhi kazi ya kuiuza motokaa ile ili fedha zigawanywe kwa sheria: thumni ya mjane, sudusi ya mama, na kilichobaki kwa watoto. Mimi mwenyewe sikuwa na fungu ndani yake, kwa kuwa marehemu ameacha watoto wa kiume. Nilikuwa mshika amana tu. Nawasimulia wasomaji habari hii kwa sababu niliiharibu amana hiyo kwa mikono yangu, tena kwa nia ya kuisafisha.

Nyumba ya marehemu iko Ng'ambo, mjini Unguja. Motokaa ilikaa chini ya mwembe muda wote wa eda ya shemeji yangu, miezi minne na siku kumi, wala hakuna aliyeigusa. Mwembe ulikuwa katika maua, na wadudu wadogo wa majani yake hudondosha majimaji matamu yanayonata, ambayo juu yake huota ukungu mweusi. Nao kunguru, wale wenye shingo ya kijivu ambao wazazi wao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, walilala kila usiku katika tawi lililo juu yake. Upande wa pili wa ua pana karakana ya kuchomelea milango ya chuma, na cheche zake hupeperushwa na upepo hadi uani. Ongezeni chumvi ya bahari, na madoa ya lami yaliyorushwa na magurudumu tangu marehemu yu hai, nanyi mtaweza kuiona jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi moja nilikwenda na ndoo na sabuni ya unga, na mtoto mkubwa wa marehemu, kijana wa miaka 14, akanisaidia. Tuliiosha mara mbili. Vumbi lilitoka, lakini uchafu wenyewe ulibaki umeng'ang'ania.

"Ami, hii haitoki," kijana alisema.

Mnunuzi alikuwa ameahidi kuja jioni ile, nami nikashikwa na haraka. Niliingia jikoni, nikatwaa waya wa kusugulia sufuria, nikaisugua boneti kwa nguvu zangu zote. Ilipokuwa ingali imelowa nilifurahi, maana niliona madoa yakiondoka. Lakini jua lilipoikausha, boneti nzima ilikuwa imeingia weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, imejaa mikwaruzo ya duara duara, kama nilivyouzungusha mkono wangu.

Kijana aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Baba alikuwa akiipangusa kwa kanzu yake kuukuu," akasema, wala hakuongeza neno.

Nilimpigia simu dalali nikamweleza yaliyotokea. Yeye alicheka. Aliniambia ninunue dawa ya kung'arisha inayojaza mikwaruzo, niipake boneti, kisha mnunuzi aje baada ya magharibi. Chini ya taa ya barazani hataona kitu. Na mikwaruzo itakapojitokeza tena, baada ya motokaa kuoshwa mara chache, fedha zitakuwa zimekwisha gawanywa. Nami nakiri mbele yenu kwamba nilikwenda hadi mlangoni pa duka. Niliiambia nafsi yangu kuwa sifanyi hivi kwa faida yangu, bali kwa ajili ya mayatima, na kwamba kila shilingi itakayopungua itapungua katika sahani yao. Ni vyepesi sana kutenda ovu tukisema twamtendea yatima.

Pale mlangoni nilikumbuka habari tuliyofundishwa chuoni, ya muuza chakula sokoni ambaye nafaka yake ilinyeshewa na mvua, na sehemu iliyolowa ikabaki chini isionekane na wanunuzi, mpaka Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake ndani ya fungu, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nikamwomba mnunuzi aniwie radhi kwa siku chache, kisha nikaipeleka motokaa kwa mzee mmoja fundi wa rangi, mtaa wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyeipiga msasa motokaa hii?"

"Ni mimi."

Hakunilaumu. Alinieleza kwamba rangi ya motokaa za siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalong'aa. Unene wa tabaka hilo ni kiasi cha mikroni 40 au 50 tu, nao kwa kawaida ni pungufu ya unene wa unywele mmoja wa kichwani. Kila anayesugua kwa kitu kikavu au chenye makali hulila tabaka hilo, na likiisha halirudi ila kwa kupakwa upya. "Uchafu ulioganda haupigwi vita," alisema. "Kila uchafu una kitu kinachoulegeza. Ulegeze, usubiri, kisha upanguse."

Tulifanya kazi siku mbili, yeye, mimi na kijana. Kwanza tuliiweka kivulini mpaka bodi ikapoa. Tuliiosha kwa sabuni ya magari, kuanzia paa kushuka chini, kwa kuwa mchanga mwingi hukaa sehemu za chini. Tulitumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na ya pili ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki katika ndoo ile ya pili usirudi tena juu ya rangi.

Penye kinyesi cha ndege tuliweka kitambaa kilichoroweshwa maji ya uvuguvugu, tukakiacha dakika kumi, na kinyesi kikatoka bila kusuguliwa. Hata hivyo mahali pawili ilibaki alama iliyozama. Mzee alisema kwamba kinyesi kina asidi, tena rangi hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku, ikikibana kinyesi kilichokaukia juu yake. Kikikaa siku nyingi, kinachobaki si uchafu tena bali ni kovu. Utomvu wa mwembe tuliulegeza kwa spiriti kidogo, na lami kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa, tukiosha kwa sabuni papo hapo ili mafuta yasikae juu ya rangi. Vipunje vya chuma kutoka karakana, ambavyo vilikuwa vimeingia kutu na kufanya vidoa vya rangi ya chungwa, alivipulizia dawa yake maalumu, nayo ikageuka zambarau ikichirizika chini. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Sasa motokaa ilionekana safi, nami nikadhani tumekwisha. Mzee alimvika kijana glavu nyembamba ya mpira, akamwambia apitishe vidole juu ya mlango polepole. "Mna mchanga, babu!" kijana alisema kwa mshangao. Nilijaribu nami, na kweli, jicho lilikuwa halioni kitu, lakini vidole vilipapasa vipunje vingi vidogo vilivyojishikiza.

Hapo mzee alitoa kipande cha udongo wa kusafishia rangi. Huu si udongo wa ardhini. Ni kitu laini cha kiwandani, mfano wa unga uliokandwa, kilichochanganywa na chembe ndogo mno za kukwangua. Ulibuniwa na Mjapani Tadao Kodate, ambaye alipewa hati za uvumbuzi wake nchini Marekani katika miaka ya 1990. Mzee alirowesha sehemu ndogo ya bodi kwa maji ya sabuni, akautelezesha udongo kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, bila kuukandamiza. Mwanzoni ulikwama na kutoa sauti. Baadaye ukateleza kimya. Kila ulipochafuka aliukanda upya ili upande safi utokee nje. Kipande kimoja kilimponyoka kijana kikaanguka chini, na mzee akakitupa, maana chembe moja ya mchanga ndani yake ingetosha kuchora mlango mzima. Mwisho tulipaka nta, iwe ngao kati ya rangi na kunguru wajao.

Boneti aliing'arisha kidogo kwa mashine. Mikwaruzo myepesi ilitoka, ile ya ndani ikabaki. "Nikiifuata yote nitalimaliza tabaka la juu," alisema. "Hiyo utakwenda nayo."

Mnunuzi alikuja saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Nilimpeleka kwenye boneti kwanza, nikamwonyesha mikwaruzo, nikamwambia ni mimi niliyeifanya na kwa kitu gani. Nikamwonyesha na yale makovu mawili ya kinyesi. Alifikiri kitambo, akapunguza bei, nasi tukapatana.

Kile alichopunguza kwa ajili ya boneti nilikilipa kutoka mfukoni mwangu kwa miezi mitatu. Shemeji yangu alikataa kukipokea, akasema, "Shemeji, wewe ulikusudia kheri." Nilimjibu kwamba hii si zawadi, ni deni, na mwenye kuharibu amana kwa uzembe hulipa, hata kama nia yake ilikuwa njema. Kila mwezi nilimwita kijana akaandika malipo katika daftari kwa mkono wake. Mwezi wa tatu alipiga mstari chini ya hesabu, akasema, "Ami, imekwisha." Neno lile lilinituliza kuliko nta zote za dunia.

Basi enyi vijana, ikiwa mmekabidhiwa chombo cha mtu kimeganda uchafu, msiwe na haraka kama yangu. Kipapaseni kwanza mjue kilichoshika, kisha kilegezeni kwa kile kinachokifaa, mkianza na kilicho laini. Na mkiwa mmekwisha kukwaruza, msiufunike mkwaruzo kwa mafuta. Mpelekeni mwenye haki palipo na jua, mkamwonyeshe.

Wassalaam.